Unga Uliosagwa Mara Mbili

6 Februari

Mdogo wangu Injinia,

Magunia mawili yalifika Jumanne, saa nne asubuhi. Dereva aliyashusha langoni akashika kiuno: "Mama, ndugu yako anakupenda, lakini mapenzi yake yamenivunja mgongo." Nilimpa chai akapona.

Najua utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe husema "ndiyo dada, ndiyo dada" huku mashine inanguruma nyuma yako, na mwisho hujasikia hata neno moja. Barua utaisoma umekaa. Tena nakala yake inabaki kwenye daftari langu, huwezi kunikana.

Mbuzi wamekipenda chakula. Mikate mikavu iliyosagwa na pumba, nani asingependa? Hata Mama Mkubwa, ambaye tangu ashike mimba ameninunia kama nimemkosea, alimaliza sehemu yake akatia kichwa kwenye hori la mbuzi mwenzake, Karani.

Lakini kuna jambo. Ndani ya chakula kuna vipande vya mifuko ya mikate. Nilivuta kigoda nikawatazama wanavyokula. Mbuzi hupembua kwa midomo kama mtu anayechambua mchele: hiki ndiyo, hiki hapana. Wakimaliza, vipande vimebaki chini ya hori, vimelambwa safi. Katika gunia la kwanza nimeokota arobaini na kimoja, vyeupe, vyenye maandishi ya buluu na mekundu.

Kwani hamtoi mikate mifukoni kabla ya kusaga? Nauliza tu, sigombi. Unajua mwenyewe kwamba tangu shemeji yako afariki, nyumba hii imebebwa na mbuzi kumi na wanne. Mpwa wako anasomea uuguzi kwa maziwa yao. Mbuzi mmoja akiumwa tumbo, mimi silali.

Wako,
Dada

*

19 Februari

Dada Hakimu,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoamuru.

Vipande arobaini na kimoja! Ni wewe tu duniani unayeweza kuvihesabu. Ngoja nikueleze. Mikate inatufikia hapa kiwandani ikiwa imerudishwa kutoka madukani, imekauka au imepitwa na tarehe, yote ndani ya mifuko. Zamani kina mama sita walikaa na visu wakiifungua mmoja mmoja, na kutwa nzima hawamalizi lori moja. Mimi ndiye niliyependekeza tusage yote pamoja, kisha feni ipeperushe mifuko na chujio lizuie iliyobaki. Siku tulipojaribu, lori liliisha kabla ya saa sita mchana. Msimamizi alinipiga bega akasema, "Huyu hakusoma uhandisi, uhandisi ndio uliomsoma yeye." Ndipo nikapewa ukuu wa zamu.

Vipande vichache hupita, siwezi kukataa. Lakini kwa ajili yako nimefanya jambo ambalo halijafanywa kwa mteja yeyote. Saa ya mapumziko, wenzangu wakila, nimeyachukua magunia yako nikayapitisha kwenye mashine ya pili, ile yenye chujio laini. Chakula kimetoka kama unga wa uji. Ukiona kipande hata kimoja, nifukuze kwenye ukoo.

Msalimie mpwa wangu. Mwambie mjomba anasubiri kudungwa sindano na mtu wa nyumbani, hawa wengine wanaumiza.

Mdogo wako,
Injinia

*

10 Machi

Mdogo wangu,

Umebaki kwenye ukoo. Nimepekua magunia yote mawili kwa vidole, nikapepeta kopo zima kwenye ungo. Sikuona hata kipande kimoja. Nimeandika: "Machi 9. Vipande: hakuna." Na chini yake, ili ujue sikunyimi haki yako: "Kazi nzuri."

Mbuzi wanalamba hori mpaka linang'aa. Hawachagui tena, hakuna cha kuchagua. Jirani yangu mshonaji aliegemea ukuta akawatazama, akasema, "Jirani, mbuzi wako wanakula vizuri kuliko wateja wangu wanavyolipa." Tulicheka mpaka Karani akaacha kula akatuangalia.

Huyu jirani ni mtu mwema. Wiki jana Karani alimtafunia mkono wa gauni la bibi harusi. Alishona mwingine kimya kimya, hata hakuja kunishtaki. Niliujua mkasa kwa mteja.

Endelea kunisagia hivyo hivyo.

Dada

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina utani.

Tangu katikati ya Aprili mbuzi wanaharisha. Si kwa pamoja. Leo wawili, kesho wanne, wanaacha, wanarudia. Niliwapa dawa ya minyoo tarehe 17, hakuna lililobadilika. Nilibadilisha maji, nikakausha sakafu ya banda kwa majivu. Wanakula kama kawaida lakini hawanenepi, wanakonda. Ukimpapasa Karani mgongoni unahesabu mifupa. Manyoya yamesimama kama ya mnyama aliyenyeshewa. Maziwa yamepungua kwa theluthi.

Mama Mkubwa alizaa tarehe 26, watoto wawili. Mmoja hakusimama. Wa pili anasimama akishikiliwa.

Nimekuwa nikitafuta chanzo. Juzi upepo ulivuma, nikaona vipande vya nguo na vifuko vya vifungo vinatoka kibarazani kwa jirani vinaingia kwenye majani wanayokula mbuzi. Sijasema kitu. Naangalia kwanza.

Wewe unayejua mashine, niambie, tumbo la mbuzi lina feni na chujio?

Dada

*

11 Mei

Dada,

Pole sana. Pole na mwanambuzi.

Tumbo la mbuzi silijui, lakini najua mnyama akikonda anahitaji nguvu. Nimekutumia magunia matatu badala ya mawili, yote yamesagwa laini. Waongezee, kopo moja liwe mawili, hasa Mama Mkubwa anayenyonyesha.

Nina habari ya kukufurahisha kidogo. Ile barua yako ya Machi nilimwonyesha msimamizi. Aliposoma "Vipande: hakuna" aliinuka kitini. Ameibandika ukutani ofisini, wateja wakija wanaisoma. Tangu Aprili tunasaga mara mbili kwa wanunuzi wote, na gunia linauzwa kwa jina la daraja la kwanza. Maneno yako, dada, yameingia kiwandani kabla wewe mwenyewe hujafika.

Na huyo jirani, mwambie afagie. Mtu mwema husikia.

Mdogo wako

*

3 Juni

Mdogo wangu,

Mama Mkubwa amekufa tarehe 29 Mei, saa tisa alasiri. Siku tatu kabla hakula. Alilala upande wa kushoto, tumbo limevimba, anasaga meno. Ukiweka sikio ubavuni ulisikia kimya. Mbuzi mzima tumbo lake haliishi kunguruma, kama mtaa wenye watu. Lake lilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Mwanawe ananyonya chupa.

Wengine waliniambia nimzike yaishe. Nilikataa. Nilikodi mkokoteni nikampeleka maabara ya mifugo. Daktari ni kijana, nilidhani ni karani, nikamwuliza daktari yuko wapi. Hakukasirika. Alimpasua mbele yangu juu ya meza ya bati. Alichukua vipande vya utumbo kwenye chupa za kioo, na kinyesi kwenye chupa nyingine, na kabla ya kugusa chochote alivua koti lake la mvua akalitundika nje. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mama, kuna vitu vidogo ambavyo sisi wenyewe tunaweza kuvileta kwa nguo zetu, halafu tukamsingizia mbuzi."

Nasubiri majibu. Nimewaongezea chakula kama ulivyosema.

Dada

*

21 Juni

Kwa mama mfugaji,

Salamu. Nakuandikia matokeo ya mbuzi wako kwa lugha nyepesi kama ulivyoniomba; karatasi yenye takwimu imeambatanishwa.

Minyoo ilikuwa michache, si ya kuua. Sikupata dalili za magonjwa ya kuambukiza niliyoyapima. Katika tumbo kubwa sikukuta mfuko wala kamba, vitu ambavyo huziba njia na ambavyo tumezoea kuviona.

Tatizo lilikuwa kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wake ulikuwa mwekundu na umevimba mahali pengi. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vyake vimekuwa vifupi, kama zulia lililokanyagwa miaka mingi. Ute unaolinda ukuta ulikuwa mwembamba kuliko kawaida. Mnyama wa namna hiyo anaweza kula ashibe na bado akakonda.

Katika kinyesi na katika ute huo nilikuta, kwa hadubini, chembe nyingi za plastiki. Nyingi ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Karibu zote ni bapa, kama maganda. Nyuzi ni chache mno. Rangi ni nyeupe, buluu na nyekundu.

Lazima niwe mkweli kuhusu nisichokijua. Watafiti wameona kwa wanyama kadhaa kwamba chembe kama hizi zinaweza kuwasha utumbo na kuvuruga vijidudu vyema vinavyoishi humo. Kwa mbuzi bado tunajifunza. Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizomuua. Hata mkate mwingi, kama niliokuta tumboni mwake, unaweza peke yake kuchachusha tumbo. Ninachoweza kusema ni kwamba chembe ni nyingi kupita kiasi, na zinaingia kila siku kutoka mahali fulani.

Tafadhali niandikie mbuzi wanakula nini, kutoka wapi, kiasi gani.

Daktari wa maabara

*

24 Juni

Mdogo wangu,

Nimekunakilia barua ya daktari neno kwa neno. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeona? Nyeupe, buluu, nyekundu. Ni rangi zile zile za sare za shule anazoshona jirani, na vifuko vya vifungo vyake ni vya plastiki, bapa kabisa. Nilikuwa natafuta mchawi mbali, kumbe anakaa ukuta kwa ukuta.

Nilimwendea jana asubuhi. Nilitaka kusema kwa upole, lakini nilipoona mfuko umenasa kwenye majani mbele ya macho yangu, upole ulikimbia.

"Jirani, takataka zako zimeniulia mbuzi."

Akatoa pini mdomoni. "Takataka zipi? Mimi hufagia asubuhi na jioni."

"Na huu uliokwama hapa ulipaa kutoka mbinguni?"

"Mmoja, jirani. Mmoja! Mbuzi wako amekula nguo za wateja wangu mara ngapi nikanyamaza?"

"Kumbe ulikuwa unahesabu."

"Mwenye kuhesabu hapa mtaani ni wewe," akasema, na watu wakacheka, nami nikaondoka.

Leo nimepeleka malalamiko kwenye kamati ya mtaa, na barua ya daktari nimewaachia. Daktari nimemjibu maswali yake yote. Kuhusu chakula nimemwandikia hivi: "Chakula ni safi. Kinasagwa na mdogo wangu wa damu, na mimi mwenyewe nimekipekua kwa mikono yangu."

Mbuzi wa pili, yule mdogo mweusi, amekufa jana. Tumebaki na kumi na wawili na kitoto kimoja.

Dada

*

5 Julai

Dada,

Nimepata barua yako na nakala ya daktari. Pole kwa mbuzi mweusi.

Mashine ya pili inafanyiwa matengenezo, kwa hiyo sitatuma magunia kwa muda. Yaliyobaki usiwape. Huenda yamepata unyevu njiani, na unyevu huleta ukungu. Yamwage shimoni uyafukie. Wape majani tu.

Kuhusu jirani, ningekuwa wewe ningengoja kidogo. Kamati ni kamati, ikishaamua hairudi nyuma. Daktari mwenyewe amesema hajui yote.

Nina kazi nyingi wiki hii. Samahani kwa barua fupi.

Mdogo wako

*

20 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kutafuta upande wa pili. Unaumwa? Hukuniita Hakimu wala hukumsalimia mpwa wako.

Nimefanya ulivyosema. Nilifukia chakula tarehe 8, ingawa sikusikia harufu ya ukungu.

Sasa sikiliza. Kamati ilikaa tarehe 10. Niliulizwa, nikajibu. Jirani aliulizwa, akasema, "Sina la kuongeza, mwenye karatasi ni yeye." Wameamua asishone tena kibarazani. Ndani kwake hakuna mwanga wa kutosha, wala meza ya kukatia haiingii mlangoni. Wenye sare wamepeleka vitambaa vyao kwingine. Nimesikia anahama mwisho wa mwezi.

Sikufurahi, usidhani. Lakini nikusomee daftari. Julai 14: wanaoharisha, wawili. Julai 17: mmoja. Julai 19: hakuna. Karani ameanza kurukaruka, jana amepanda juu ya ndoo akaiangusha. Maziwa yameongezeka kidogo. Siku tisa tangu jirani aache kushona nje, na matumbo yametulia. Ungesema nini wewe? Hesabu hazina huruma, lakini pia hazisemi uongo.

Niandikie barua ya kweli, si kile kijikaratasi.

Dada

*

2 Agosti

Dada,

Umeomba barua ya kweli. Nimeiandika mara tatu, na mbili nimezichoma jikoni. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Mashine ya pili haikuharibika. Chakula hakikupata unyevu.

Niliposoma barua ya daktari nilisimama kwenye neno moja: bapa. Mabaki ya cherehani mengi ni nyuzi, dada. Kinachotoka bapa ni mfuko uliosagwa. Tarehe 4 Julai nilichukua gilasi, nikatia maji na chumvi nyingi, nikamwaga vijiko viwili vya unga niliokuwa nimeusaga kwa ajili yako. Nilikoroga nikaacha saa nzima. Mkate ulilowa ukazama. Juu kulibaki utando. Niliukusanya kwa kijiko nikautandaza kwenye sahani nyeusi, nikaazima lenzi ya fundi saa aliye karibu na kiwanda. Nyeupe, buluu, nyekundu. Kwenye chembe moja, naapa, kulikuwa na nukta ya herufi.

Nimefanya kazi na feni ile miaka minne na sikuwahi kuifikiria sawasawa. Feni hupeperusha kipande kikubwa kwa sababu ni kikubwa. Chujio hukizuia kwa sababu ni kikubwa. Kikiwa na ukubwa wa unga, kinakwenda na unga. Vile arobaini na kimoja ulivyookota Februari, mbuzi walikuwa wanavikataa wenyewe. Mimi ndiye niliyevisaga mpaka wakashindwa kuvikataa. Nilivisaga saa yangu ya kula, kwa furaha, ili wewe usivione. Na Mei nikakwambia uwaongezee.

Tarehe 5 Julai, nilipokuandikia ile barua fupi, nilikuwa nayajua haya yote. Nilitaka kuyasema. Nilifika kwenye sentensi ya daktari, kwamba hawezi kuapa, nikajificha ndani yake kama mtoto nyuma ya mlango. Nilijiambia: labda ni mkate tu umechachuka tumboni. Labda ni jirani kweli. Nikakwambia ungoje, na nilijua hutangoja. Mshonaji amepoteza kazi yake mikononi mwa kamati, nami nilikuwa na sahani nyeusi juu ya kabati langu.

Ulipoandika kwamba matumbo yametulia siku tisa tangu aache kushona, niliweka barua chini. Hesabu yako ni sahihi. Umeanza kuhesabu kutoka siku isiyo yenyewe. Hesabu tena kutoka tarehe 8, ulipofukia chakula.

Nilikwenda kwa msimamizi na sahani. Aliiangalia akairudisha.

"Injinia, dada yako amegeuza gunia langu kuwa mahakama?"

"Si gunia lake tu, mzee. Tangu Aprili ni magunia yote."

"Kuna mteja aliyelalamika?"

"Dada amelalamika."

"Dada si mteja. Dada ni dada. Nenda kapumzike, umechoka."

"Na mbuzi waliokufa?"

"Mbuzi hufa," akasema. "Funga mlango ukitoka."

Nilipotoka niliibandua barua yako ukutani. Ninayo hapa. Maneno yako yalitumika kuwauzia watu kile kilichowaua mbuzi wako, na mimi ndiye niliyeyapeleka.

Sijaenda popote pengine. Nina hofu. Nina wanangu wawili shuleni na sijui kazi nyingine. Nimekwambia wewe kwanza, na sijui kama hiyo ni heshima au ni njia ya kukutwisha mzigo wangu. Ukiamua barua hii ichomwe, nitaelewa. Ukiamua vingine, pia nitaelewa.

Mdogo wako

*

12 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe 7. Niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikaenda bandani nikaisoma tena huko.

Nilihesabu upya. Kutoka tarehe 8 inaingia sawasawa. Tarehe zote mbili zilikuwa kwenye ukurasa mmoja, mistari mitatu imezitenganisha, na mimi nikachagua ile iliyonipendeza. Usijibebeshe na hilo. Hilo ni langu.

Siku iliyofuata nilimtafuta mshonaji. Amehamia upande wa pili wa mji, chumba kimoja nyuma ya ghala. Alinifungulia hakuniambia karibu. Nilimwambia nina barua inayomhusu.

"Isome wewe," akasema. "Macho yangu nayatunza kwa kazi, ikirudi."

Nikaisoma yote mlangoni, kuanzia juu mpaka jina. Nilipomaliza akauliza, "Basi?"

"Basi. Nimekuja kuomba radhi."

"Uliponishtaki ulinishtaki hapa mlangoni?"

"Hapana. Kwenye kamati."

"Basi umekosea nyumba," akasema, akarudishia mlango taratibu, bila kuubamiza. Angeubamiza ningepumua.

Kamati ilikaa jana. Nilisoma mbele ya watu wale wale, kwenye kiti kile kile. Walifuta uamuzi wao kwa dakika tano. Mwandishi wao aliuliza, "Sasa mama mshonaji atarudi lini?" Kwenye chumba chake cha zamani ameshaingia mtu mwingine na watoto watatu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa daktari na barua yako. Aliisoma polepole. Nilimwuliza kama kuna dawa ya kuzitoa chembe kwenye matumbo ya hawa waliobaki. Akasema hana. Nyingi zitatoka zenyewe kwa kinyesi, zilizojificha kwenye ukuta wa utumbo hajui zitakaa muda gani, na vinyweleo huota tena mnyama akipata nafasi. Atakuja kila mwezi kuwapima. Amesema kumbukumbu zangu zitamsaidia, maana amepata wanyama wagonjwa wengi lakini mgonjwa mwenye tarehe hajawahi kumpata.

Kisha akaniuliza swali nililokuwa nimeliogopa njia nzima. Anatuma taarifa ofisi ya mifugo. Je, jina lako na jina la kiwanda yafutwe kwenye nakala?

Nilifikiria wanao. Nilifikiria msimamizi akikwambia funga mlango. Halafu nikafikiria watu wanaofungua magunia asubuhi hii, wanapekua kwa vidole kama nilivyopekua mimi, hawaoni kitu, wanashukuru. Nikamwambia ayaache yote.

Kwa hiyo kazi yako imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi, leo saa tano na nusu. Nimeandika hivyo kwenye daftari. Sitakuomba radhi kwa hilo, na sitakuomba usinikasirikie.

Ofisi ya mifugo inakwenda kwa mwendo wake. Wewe unayo orodha ya wanunuzi wote tangu Aprili, maana zamu ni yako. Waendee kabla taarifa haijawafikia. Usiwaandikie, nenda kwa miguu, mmoja mmoja, na uwaambie kwa mdomo kama mimi nilivyosoma pale mlangoni. Wengine watakufukuza. Mwingine atakuonyesha mahali alipozika. Simama usikilize mpaka amalize.

Ukitoka nyumba ya mwisho, njoo huku na wanao. Daktari akija atachukua damu, na Karani hashikiki kwa mtu mmoja.

Usinijibu barua hii. Njoo.

Dada yako